Familia yangu haijui niko wodi ya korona

BARUA

Shikamoo shangazi.

Mimi ni muuguzi, nina mume na binti wa miaka mitatu. Tunaishi na mama yangu mzazi ambaye ana kisukari na presha. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, choo ni kimoja, na mtoto hulala na bibi yake.

Wimbi hili la UVIKO-19 lilipoanza nilihamishwa kutoka wodi ya watoto na kupelekwa wodi ya wagonjwa wa korona. Nyumbani sijasema. Siku niliyopewa uhamisho nilirudi nikiwa nimeshapanga maneno ya kuwaambia, nikamkuta mama anasikiliza taarifa ya watumishi wa afya waliofariki. Akanigeukia akasema, "Mungu ashukuriwe, wewe uko kwa watoto." Nikanyamaza. Tangu hapo kila siku inayopita inanifunga mdomo zaidi, na uongo mdogo mdogo umejipanga nyuma ya ule wa kwanza: leo nimechelewa kwa sababu ya chanjo za watoto, kesho zamu imebadilika.

Kazi yenyewe naijua na naipenda. Lakini nikimvuta mgonjwa makohozi kwa mashine, au nikimshikia daktari vifaa anapoweka bomba la kupumulia, nasikia moyo wangu masikioni. Barakoa ya N95, ile inayobana uso na kuchuja hewa, tunapewa moja kwa zamu, na zikipungua tunaambiwa tuitunze tuje nayo tena. Yangu mikanda imelegea. Miwani kinga inajaa ukungu mpaka sioni vizuri mshipa wa kuweka dripu.

Nikifika nyumbani napulizia klorini viatu, mkoba na simu, nafungia nguo kwenye mfuko, naoga, hata noti za pesa nazifuta. Mikono yangu imechubuka na kupasuka. Nimeacha kumbusu mtoto. Nalala nimempa mume mgongo, naye anadhani nimemchoka.

Mwenzangu tuliyekuwa zamu moja aliugua akalazwa kwetu. Nilimhudumia mwenyewe. Alifariki, na sisi tukaendelea na zamu kwa sababu hakukuwa na wa kutupokea.

Sasa muuguzi mfawidhi ameniomba nibaki mzunguko mwingine, safari hii kwenye chumba cha mahututi, kwa kuwa tunaojua mashine za kupumulia tumebaki wachache. Anataka jibu mwisho wa wiki. Nikikubali, naona kama nampelekea mama ugonjwa kwa mikono yangu. Nikikataa, nawaachia wenzangu mzigo ambao najua haubebeki. Nimechanjwa dozi zote mbili, mama amepata ya kwanza tu.

Nihame nyumbani? Niombe kurudi kwa watoto? Niache kazi? Na mtu anayeogopa hivi kweli anafaa kuwa muuguzi? Wenzangu naona hawaogopi.

Muuguzi mwenye hofu


JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana kwa kuondokewa na mwenzako, na pole zaidi kwa kulazimika kuendelea na zamu bila hata nafasi ya kulia. Msiba huo nitaurudia, maana umeutaja kwa maneno machache kuliko unavyostahili.

Nimesoma barua yako mara kadhaa, na naona mambo matatu yaliyojifunga pamoja hadi yakaonekana kuwa moja. Kuna virusi na njia vinavyoweza kupita kutoka wodini hadi kwa mama. Kuna ombi la muuguzi mfawidhi. Na kuna siri. Nadhani siri ndiyo inayokaza fundo, kwa sababu inakuzuia kuyashughulikia hayo mawili pamoja na watu yanaowahusu.

Nianze na hofu. Hao wenzako unaowaona hawaogopi, je, umewahi kuwauliza? Nao wakikutazama ukiwa umevaa gauni na ngao ya uso, huenda wanasema hivyo hivyo juu yako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 watumishi wa afya waliofariki kwa UVIKO-19 ni kati ya 80,000 na 180,000. Wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha jamii ya korona, mwaka 2003, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa mtumishi wa afya, na daktari Carlo Urbani, aliyeutambua ugonjwa huo mapema kule Hanoi na kuitahadharisha dunia, alifariki kwa ugonjwa huo huo. Unachokiogopa kipo, hujakibuni. Lakini SARS hiyo hiyo ilizimwa kabla ya mwaka kufika mwisho, bila chanjo yoyote, kwa kutenga wagonjwa, kufuatilia waliokutana nao na kubana maambukizi ndani ya hospitali. Yaani hatua unazozichukua wodini zina nguvu zikifanywa sawasawa. Kwa hiyo swali ninalokurudishia ni hili: hofu yako inakuelekeza mahali penye hatari kweli, au imeegemea pale panapoonekana kwa urahisi?

Naona imegawanyika. Umeandika kuhusu viatu, mkoba na noti kwa urefu, halafu ukayapita haraka mambo mawili mazito: mikanda iliyolegea na miwani yenye ukungu. UVIKO-19 huenea zaidi kwa hewa tunayovuta kuliko kwa vitu tunavyogusa. Miwani ikijaa ukungu kila unapopumua, mara nyingi maana yake ni kwamba pumzi inatokea juu ya pua, na panapotoka hewa ndipo inapoingia. Ukanda wa juu ukae kisogoni, wa chini shingoni chini ya masikio, wala isipishane. Kile kibano cha pua kibonyezwe kwa vidole vya mikono yote miwili kwa pamoja, kwani kukifinya kwa mkono mmoja hutengeneza kona inayovujisha. Kisha funika barakoa kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu, halafu vuta. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, irekebishe kabla ya kuingia. Ikigoma mara zote, huenda saizi au umbo lake haviendani na uso wako. Hapo unahitaji kipimo cha mkao: mtu huvaa barakoa, hufunikwa kichwa kwa kofia maalumu, kisha hupuliziwa dawa yenye ladha tamu au chungu. Akiionja, barakoa inavuja. Mkuu wa kudhibiti maambukizi hospitalini kwenu anapaswa kukipanga, na una haki ya kukidai kabla hujajibu chochote kuhusu chumba cha mahututi.

Kuhusu kurudia barakoa: nyakati za uhaba jambo hilo liliruhusiwa kwa shida, na kwa masharti. Inatunzwa kwenye mfuko wa karatasi ulioandikwa jina lako. Mfuko wa plastiki haufai, unabakiza unyevu. Mtengenezaji asipotaja idadi, ushauri uliotolewa ni kutozidisha kuivaa mara tano. Iliyolowa, iliyochanika, iliyopata damu au makohozi, iliyovaliwa wakati wa kuweka bomba la kupumulia, au iliyolegea mikanda, hiyo imeshakwisha kazi. Yako umesema imelegea. Usiingie nayo tena.

Umechukulia pia kwamba hatari kubwa iko kwa mgonjwa aliye mahututi. Kwa kiasi fulani ni kweli, hasa wakati wa kuweka au kutoa bomba, kumfufua mgonjwa aliyesimama moyo, au kumpa hewa kwa barakoa yenye msukumo. Lakini mtu huambukiza zaidi kuanzia kama siku mbili kabla ya dalili na katika siku chache za mwanzo za ugonjwa. Wengi wanaofika mahututi wameshaugua wiki nzima au zaidi, ingawa mwenye kinga dhaifu anaweza kuambukiza kwa muda mrefu. Sasa fikiria chumba cha kupumzikia, ambako mnavua barakoa, mnakula mmekaa karibu karibu, dirisha limefungwa. Fikiria gari mnalopanda pamoja. Humo hakuna anayemwogopa mwenzake. Wodi ya watoto nayo si kimbilio kamili: watoto huambukizwa na kuambukiza, mara nyingi wakiwa na dalili hafifu, na huko watu hujikinga kidogo kwa sababu hawatarajii. Sikuambii hivi kukukatisha tamaa ya kuomba uhamisho. Nataka tu ukiuomba, uuombe ukijua unachokipata.

Wakati wa kuvua vifaa ndipo wengi hujichafua, kwani zamu imeisha na mwili umechoka. Glavu na gauni ndivyo vichafu zaidi, hivyo vitangulie, gauni likikunjwa nje ndani. Safisha mikono. Ngao au miwani ishikwe kwa nyuma. Barakoa iwe ya mwisho, ukiwa umeshatoka chumba cha mgonjwa, ukishika mikanda bila kugusa mbele: wa chini kwanza, kisha wa juu. Safisha mikono tena. Mwombe mwenzako asimame akutazame, nawe umtazame yeye.

Nyumbani, mwanangu, punguza klorini. Kupulizia nguo ulizovaa au mwili hakushauriwi kabisa: huunguza ngozi, macho na mapafu. Ngozi iliyopasuka ni kinga iliyotoboka, na inauma kiasi kwamba mtu huanza kukwepa kunawa. Mikono isiyo na uchafu wa kuonekana inatosha kitakasa chenye alkoholi ya asilimia 60 hadi 80, ukisugua sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke, kisha mafuta ya ngozi kila baada ya zamu. Nguo zifuliwe kwa sabuni, uoge, basi. Nguvu utakazookoa zipeleke kwenye hewa. Lala peke yako chumba chenye dirisha lililo wazi, vaa barakoa sebuleni mama akiwepo, kula kwa wakati wako. Choo kikiwa kimoja, kiingie hewa muda fulani kabla mama hajakitumia baada yako.

Kuna jambo lililonishtua kwenye barua yako: mtoto hulala na bibi yake. Umejitenga na mama, umeacha kumbusu binti yako, lakini yeye anazunguka kati yenu siku nzima na usiku anapumua karibu na uso wa bibi. Kama virusi vitapita, njia hiyo iko wazi kuliko viatu vyako. Kubadilisha mahali anapolala kunaweza kumsaidia mama kuliko klorini yote unayotumia. Lakini huwezi kukubadilisha bila kueleza sababu, na hapo ndipo tunakutana na siri.

Najua kwa nini ulinyamaza. Ulitaka kumpunguzia mama wasiwasi, na ule mchana hukupata mlango wa kuingilia. Lakini tazama ukimya unachofanya. Dozi ya pili ya mama inaweza kuwa inasubiri siku ambayo kila mtu anaiona ya mbali. Angejua, huenda angeifuata mara muda wake unapofika, na kinga hujengeka kikamilifu yapata wiki mbili baada ya dozi hiyo. Pia, mama akipata homa au uchovu, atamwambia daktari kwamba hajakutana na mgonjwa yeyote, na siku za mwanzo zitapotea. Kwa mwenye kisukari siku hizo ni za thamani, maana maambukizi hupandisha sukari, na sukari ikiwa juu ugonjwa huwa mkali zaidi. Na je, umewahi kumpa mama nafasi ya kuamua mwenyewe hatari anayoikubali? Unaweza kukuta yuko tayari kuhamia kwa ndugu kwa muda, au anasema anabaki na wewe kwa hiari yake. Majibu hayo ni yake, na kwa sasa unamjibia.

Kusema nako kuna gharama. Mume anaweza kukasirika zaidi kwa kufichwa kuliko kwa wodi. Anaweza kukutaka uache kazi siku hiyo hiyo. Mama anaweza kukosa usingizi. Majirani wakisikia, baadhi huwaepuka watumishi wa afya na watoto wao, nalo ni jeraha la kweli. Ukichagua kusema, nafikiri ni vyema mume atangulie, siku usiyotoka zamu, mtoto akiwa amelala. Usianze na wodi, anza na mgongo: "Unadhani nimekuchoka. Sijakuchoka. Ninaogopa kukuambukiza, kwa sababu tangu wimbi hili lianze niko wodi ya korona. Nilishindwa kukwambia." Kisha nyamaza, umwache aseme anayotaka kusema. Mkiwa pamoja, kumwambia mama kutakuwa kazi ya watu wawili.

Sasa uchaguzi wenyewe. Kuhama kunapunguza hatari kwa mama, lakini uliza nani atamsimamia dawa na sukari yake, nani atakaa na mtoto, na utalala wapi. Nyumba ya pamoja ya wauguzi yenye jiko moja inaweza kuwa chumba kingine cha kupumzikia. Jihadhari pia na kurudi nyumbani kila siku za mapumziko: dalili mara nyingi huonekana siku chache baada ya kuambukizwa, zikichelewa hufika hata siku ya 14, na kipimo kilichofanywa mapema mno huweza kuonyesha huna virusi kumbe unavyo. Kubaki nyumbani kwa utaratibu niliotaja kunawezekana, ila kunadai nidhamu ya kila saa kutoka kwa mtu aliyechoka. Mkibaki pamoja, wekeni kipimajoto na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Kisomwe mama akiwa ametulia, vidole vina joto na havina rangi ya kucha, na mkumbuke kwamba kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali ilivyo. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 94 apelekwe hospitali. Chini ya 90 ni dharura.

Kuacha kazi kabisa kutakuondoa wodini, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuita msaliti. Fikiria tu mshahara, dawa za mama, na kama uamuzi uliofanywa katikati ya msiba utaukubali mwakani.

Kati ya ndiyo na hapana, naona kuna nafasi ambayo hujaigusa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi akiwa na sababu za msingi za kuamini kuna hatari kubwa na ya papo hapo kwa uhai au afya yake alindwe asiadhibiwe isivyostahili, na amjulishe msimamizi wake mara moja. Nguvu yake inategemea kama nchi imeuridhia na sheria zake zinasemaje, hivyo ulizia chama chenu cha wauguzi kabla ya kuutegemea. Lakini hata bila kufika huko, anayeombwa kubaki ana nafasi ya kuuliza kwa maandishi. Kutakuwa na barakoa mpya kila zamu yenye kuweka mabomba? Mzunguko ni wiki ngapi, na unafuatiwa na mapumziko gani? Mgonjwa kwenye mashine atakuwa na muuguzi wake, au mmoja atabeba wanne? Nikiugua, mshahara na matibabu vikoje? Kuna malazi? Kuna anayefundishwa mashine hizo ili tusibaki wachache daima? Hili la mwisho usilidharau. Unaweza kukataa kukaa mahututi na bado ukajitolea kuwafundisha wengine. Unaweza pia kukubali kwa muda mfupi wenye mwisho ulioandikwa. Hatari ya njia hii ni kuahidiwa mengi na kupewa machache, kwa hiyo sema mapema utafanya nini ahadi zisipotimia.

Uchache wa wauguzi, mwanangu, hukuusababisha wewe. Kuubeba kama deni lako binafsi ndiko kunakowafanya wengi waingie na barakoa iliyolegea kwa kuona aibu kudai nyingine.

Na huyo mwenzako. Ulimhudumia hadi mwisho, kisha ukapokea mgonjwa mwingine. Kama unaiona sura yake usiku, kama unashtuka kengele ya mashine ikilia hata ukiwa nyumbani, kama hulali au huhisi chochote, na hali hiyo imepita wiki kadhaa, mtafute mshauri au daktari wa afya ya akili. Ukijikuta unatamani kufa, nenda siku hiyo hiyo, wala usisubiri zamu iishe. Waulize pia wenzako wa zamu ile kama mnaweza kukaa nusu saa, mahali penye hewa, mkamzungumzia. Huenda hapo ndipo utakapojua nani kati yao alikuwa haogopi.

Mwisho wa wiki umekaribia, na mambo haya hayaishi ndani ya siku chache. Muuguzi mfawidhi unaweza kumwomba muda zaidi, ukamweleza wazi kwamba una mama mgonjwa nyumbani na kwamba barakoa yako haikai. Hayo mawili anahitaji kuyajua, lolote utakaloamua.